Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, Mwenye Hisabu ya Jabri

Kila aliyepata kukaa katika baraza la kugawanya mirathi anajua ya kuwa ugomvi mara nyingi hautoki katika mafungu. Mafungu yamekwisha kukatwa na Mwenyezi Mungu katika Kitabu chake, wala hapana mwenye uwezo wa kuyaongeza au kuyapunguza. Ugomvi hutoka katika kuijua mali yenyewe: kipi kihisabiwe kuwa ni cha maiti na kipi kisihisabiwe. Na katika mambo hayo zito kabisa ni hili la mwana aliyekopa kwa babake, kisha baba akafariki na deni halijalipwa.

Miaka kadha iliyopita niliitwa katika nyumba moja kwa jambo kama hilo. Ndugu wawili walikuwa hawasemezani. Baba yao aliacha fedha taslimu, akausia thuluthi ya mali apewe mtu asiye mrithi, na juu ya mwana mkubwa lilikuwako deni lililo kubwa kuliko fungu lake. Nilidhani ni kazi ya mara moja. Nikalitia deni lote ndani ya mali, nikatoa thuluthi ya wasia, nikawagawia wana wawili sawasawa. Hata nilipokwenda kuhisabu fedha zilizomo sandukuni, nikaona hazitoshi kumlipa mwenye wasia na yule mwana mdogo. Yule mkubwa naye hakuwa na kitu mkononi. Nikafanya kinyume chake, nikaliacha deni nje ya mgawanyo. Ikawa mwenye kudaiwa anatwaa fedha sawa na nduguye, na huku mali ya babake anayo bado. Nikatahayari mbele za watu, nikaomba niachiwe hata kesho.

Usiku ule ndipo nilipotambua ya kuwa mas'ala haya yalikwisha kuulizwa na kujibiwa mjini Baghdad, zaidi ya miaka 1,100 iliyopita, katika kitabu ambacho sisi wanafunzi wa dini tulikuwa tukisikia jina lake tu, tukadhani ni kitabu cha watu wa skuli. Aliyekitunga ni Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, Mwenyezi Mungu amrehemu, na leo twataka kuyaeleza maisha yake na kazi yake kwa kadiri ya nafasi tuliyo nayo.

Jina lake lamtia katika nchi ya Khwarizm, nayo ni ile nchi ya Asia ya Kati ambako mto Jayhuni ulikuwa ukimwagika katika bahari ya Aral. Leo nchi hiyo imegawanyika baina ya Uzbekistan na Turkmenistan. Wanahistoria hukadiria kuwa alizaliwa kiasi cha mwaka 164 wa Hijra, yaani mwaka 780 wa Miladi. Ikiwa ni hivyo, basi Baghdad yenyewe ilikuwa bado changa, kwani Khalifa al-Mansur aliianza kuijenga mwaka 145 (762). Mji na mtu walikua pamoja.

Hapa yafaa tuondoe uvumi mmoja. Katika tarikh ya at-Tabari jina lake limeandikwa na kufuatishwa na neno al-Majusi, na baadhi ya waandishi wa Ulaya wakalishika hilo wakasema ya kuwa huyu bwana alikuwa mwenye kuabudu moto au mtoto wa watu hao. Lakini kitabu chake chafunguliwa kwa kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume, kwa maneno ya mtu aliyeiamini dini yake. Na wako wahakiki waliosema ya kuwa mahali pale imedondoka herufi moja tu, herufi ya wau, na kwamba waliotajwa ni watu wawili, al-Khwarizmi na mwingine Majusi. Mwenye kusoma khati za kale anajua jinsi wau inavyopotea kwa urahisi.

Alifanya kazi yake katika zama za Khalifa al-Ma'mun, aliyetawala tangu mwaka 198 hata 218 (813 hata 833). Khalifa huyu aliipenda elimu mapenzi makubwa. Akaipa nguvu ile nyumba iliyoitwa Baytul-Hikma, akawakusanya wanavyuoni wa kila namna, vitabu vya Wayunani na Wahindi vikafasiriwa kwa Kiarabu, na wenye kupima nyota wakapewa vyombo na mishahara. Hatuwezi kumsifu bila ya kusema na upande wa pili: ni huyu huyu ambaye mwaka wake wa mwisho aliwatia maulamaa katika mtihani wa kuwalazimisha kusema ya kuwa Kurani imeumbwa, na Imamu Ahmad bin Hanbal akafungwa minyororo kwa ajili hiyo. Mapenzi ya elimu hayakumzuia kuwadhulumu watu wa elimu. Lakini al-Khwarizmi alipata kwake kivuli cha kufanyia kazi, na katika dibaji ya kitabu chake amelitaja hilo kwa shukrani.

Kazi zake nyingine nitazipitia mbio. Alitunga zij, yaani majedwali ya mwendo wa jua na mwezi na nyota, kwa kufuata njia ya Wahindi. Alitunga kitabu cha sura ya ardhi, chenye urefu na upana wa mahali zaidi ya elfu mbili, milima, miji, visiwa na mito. Na alitunga kitabu cha namba za Kihindi, hizi tunazoandikia leo, zenye alama tisa na ile ya kumi, sifuri, ambayo kwa jina hilo la Kiarabu hata mtoto wa chuoni hapa kwetu anaijua. Kitabu hicho kwa Kiarabu kimepotea. Kimebaki kwa Kilatini, na kwa sababu ya namna Walatini walivyoliandika jina lake, Algorizmi au Algoritmi, ndipo Ulaya ikapata neno la algorithm, ambalo leo halina budi kutajwa popote penye mashine za kuhisabia.

Sasa tuje kwenye kitabu chenyewe. Alikiita kwa jina la mukhtasari wa hisabu ya al-jabr na al-muqabala. Katika dibaji ameeleza kwa nini amekitunga: watu wana haja ya hisabu katika mirathi zao, na wasia zao, na kugawanya, na kuhukumiana, na biashara, na kupima ardhi, na kuchimba mifereji. Basi msomaji aangalie ni kipi kilichotangulizwa. Na si dibaji tu, kwani kiasi cha nusu ya kitabu ni mas'ala ya wasia. Hili waandishi wengi wanaomsifu hulipita upesi, wakataja sehemu ya kwanza na kuiacha ya pili, kana kwamba mirathi ni nyongeza. Kwa maoni yangu mirathi ndiyo iliyofanya kitabu kiwe na haja.

Tusizidishe tukasema ya kuwa kabla yake hapakuwa na mtu aliyefumbua mas'ala ya namna hii. Watu wa Babil wa kale walifumbua, na Wayunani, na Wahindi. Wengi wao walikuwa na hila nzuri, lakini kila mas'ala ilitaka hila yake. Alilolifanya al-Khwarizmi ni kusema ya kuwa vitu vinavyoingia katika hisabu hii ni vitatu tu: hisabu kavu, yaani idadi kama kumi au ishirini; na jidhri, yaani kile kitu kisichojulikana ambacho ndicho kinachotafutwa; na mali, yaani kitu hicho kikipigwa kwa nafsi yake. (Neno mali hapa si mali ya mfukoni, ni istilahi yao.) Kisha akasema ya kuwa vitatu hivi vikilinganishwa, havitoki katika sura sita. Mali ni sawa na majidhri. Mali ni sawa na idadi. Majidhri ni sawa na idadi. Kisha tatu zilizochanganyika: mali na majidhri ni sawa na idadi, mali na idadi ni sawa na majidhri, majidhri na idadi ni sawa na mali. Basi. Mtu akiletewa mas'ala yoyote, ya shamba au ya deni au ya biashara, kazi yake ya kwanza si kutafuta jawabu. Kazi yake ni kuyarudisha maneno yale mpaka yasimame katika mojawapo ya sura hizo sita. Yakishasimama, njia inajulikana.

Sura ya tatu, ile ya majidhri kuwa sawa na idadi, ndiyo nyepesi, na ndiyo inayotupasa sisi katika mirathi. Mifano yake aliyoitoa ni ya kumfunza mtoto: majidhri manne yakiwa sawa na ishirini, jidhri moja ni tano, nusu ya jidhri ikiwa sawa na kumi, jidhri zima ni ishirini.

Na njia ya kurudisha maneno katika sura hizo ina milango miwili, nayo ndiyo iliyolipa jina kitabu. Mlango wa kwanza ni al-jabr. Neno hili kwa Waarabu ndilo la kuunga mfupa uliovunjika. Upande mmoja wa mizani ukiwa na kitu kilichopunguzwa, basi upande huo umevunjika. Utauunga kwa kuurudishia kilichopunguzwa, na upande wa pili utauongeza vivyo hivyo ili mizani isilale. Mlango wa pili ni al-muqabala, na sisi Waswahili tuna neno hilo hilo tunaposema mtu kumkabili mwenziwe, au nyumba kuwa mkabala wa msikiti. Pande mbili zikiwa na kitu cha jinsi moja, kitu kile hukabiliana na mwenziwe. Utatoa kidogo katika kikubwa, na jinsi ile ibaki upande mmoja tu.

Mfano wake wa mlango wa kwanza ni huu. Kumi imegawanywa mafungu mawili, na fungu moja likagawanywa kwa jingine, ikatoka nne. Kila fungu ni kiasi gani? Aliliita fungu moja kitu. La pili basi ni kumi ila kitu. Na kwa kuwa kugawanya kumetoa nne, vitu vinne ni sawa na kumi ila kitu. Hapa kumi imevunjika, imepungua kitu kimoja. Iunge kwa kuirudishia kile kitu, na upande wa pili uongeze kitu: vitu vitano ni sawa na kumi. Hiyo ni sura ya tatu. Kitu ni mbili, na fungu la pili ni nane.

Kijana wa skuli leo huandika herufi badala ya neno kitu, akaihamisha ng'ambo ya pili ya alama ya usawa na kugeuza toa kuwa jumlisha. Ukimuuliza kwa nini alama imegeuka, mara nyingi husema ndivyo alivyofundishwa. Imegeuka kwa sababu kitu hakikuhama. Pande zote mbili zimeongezwa sawa, na upande mmoja ulikuwa na upungufu, ukapona. Kadhalika mwalimu wake humwamrisha aweke vyote upande mmoja na sifuri upande wa pili, na hiyo ndiyo sura ya kawaida katika vitabu vya leo. Al-Khwarizmi hakufanya hivyo. Yeye hakukubali upande wowote wa mlinganyo uwe mtupu wala uwe na upungufu, na ndiyo maana akahitaji sura sita mahali ambapo sisi twatosheka na moja. Tena hakutumia alama hata moja. Katika kitabu chote ameandika kwa maneno matupu, hata namba zenyewe.

Sasa niirudie ile nyumba. Mas'ala yake katika kitabu ni haya: mtu amekufa ameacha wana wawili, na ameusia thuluthi ya mali kwa mtu wa nje. Ameacha dirhamu kumi taslimu, na dirhamu kumi nyingine ni deni juu ya mmoja wa wana.

Uzito wake ni kwamba jambo lazunguka. Kiasi cha deni kinachoingia katika mali ni kile tu kinachokuwa fungu la yule mwana, kwani hicho amekwisha kukishika mkononi na chaweza kuhisabiwa kuwa amelipwa. Lakini fungu lake haliwezi kujulikana mpaka mali ijulikane, na mali haijulikani mpaka fungu lake lijulikane. Mtu hukaa hapo usiku kucha, kama nilivyokaa mimi.

Al-Khwarizmi aliukata mzunguko huo kwa kukipa jina kile asichokijua. Kinachotoka katika deni akakiita kitu. Basi mali yote ni kumi na kitu. Toa thuluthi ya wasia, nayo ni dirhamu tatu na thuluthi, na thuluthi ya kitu. Imebaki dirhamu sita na thuluthi mbili, na thuluthi mbili za kitu. Wagawie wana wawili: kila mmoja ana dirhamu tatu na thuluthi, na thuluthi ya kitu. Lakini fungu la yule mdaiwa tulikwisha kuliita kitu. Kwa hivyo kitu ni sawa na dirhamu tatu na thuluthi, na thuluthi ya kitu. Hapa ndipo pa al-muqabala: pande zote mbili zina jinsi ya kitu, basi iondoe ile thuluthi katika kitu kizima. Imebaki thuluthi mbili za kitu kuwa sawa na dirhamu tatu na thuluthi. Tazama, hiyo ni ile sura ya tatu. Kikamilishe kitu kwa kuongeza nusu ya kila upande, na kitu ni dirhamu tano.

Mali basi ni kumi na tano. Mwenye wasia ana tano, mwana asiyedaiwa ana tano, na zile kumi za sandukuni zimewatosha wawili hao bila ya kubaki wala kupungua. Mdaiwa hatwai fedha, fungu lake limo katika deni. Sehemu ya deni inayozidi fungu hilo haikuingizwa katika mgawanyo huu.

Asubuhi yake nilikwenda nikawasomea wale ndugu hisabu hiyo hatua kwa hatua, kwa fedha zao wenyewe. Yule mkubwa alisikiliza mpaka mwisho, akaniomba niirudie, nikairudia. Kisha mdogo akafungua sanduku. Sisemi ya kuwa walipatana siku ile, lakini hapana aliyedai kuwa amedhulumiwa.

Baada ya al-Khwarizmi wengi walishika njia yake. Abu Kamil wa Misri aliipanua sana, na Ibn Khaldun katika Muqaddima yake amemtaja al-Khwarizmi kuwa wa kwanza kutunga katika fani hii, na Abu Kamil kuwa baada yake. Mwaka 1145 Mwingereza mmoja aitwaye Robert wa Chester alikifasiri kitabu kwa Kilatini akiwa Segovia, nchi ya Andalusi, na baada yake Gerard wa Cremona akakifasiri tena mjini Toledo. Ile sehemu ya wasia wafasiri hao hawakuichukua, kwani ilikuwa haina maana kwao. Basi Ulaya ikapata al-jabr ikaifanya algebra, na hisabu ya watoto wa maiti ikabaki nyuma katika khati za Kiarabu. Moja ya khati hizo, iliyonakiliwa mwaka 743 (1342), imo Oxford, na ndiyo aliyoitumia Frederick Rosen alipokichapisha kitabu London mwaka 1831, kwa Kiarabu na Kiingereza, safari hii pamoja na sehemu ya wasia.

Na khabari ya mwisho ya maisha yake aliyoihifadhi at-Tabari ni mahali pale pale palipotajwa lile neno la al-Majusi. Mwaka 232 (847) Khalifa al-Wathiq aliugua, wakaitwa wanajimu waitazame nyota yake, na al-Khwarizmi ni katika waliotajwa. Wakapiga hisabu, wakatoa khabari ya kuwa Khalifa ataishi miaka mingine hamsini tangu siku ile. Hakuishi ila siku kumi. Haikuwa katika zile sura sita. Yeye mwenyewe hukadiriwa kufariki kiasi cha mwaka 236 (850), akiwa na umri wa miaka sabini hivi.

Kwa vijana wa darasa letu naacha mas'ala moja wailete Alkhamisi, kila hatua ikiwa imeandikwa kwa maneno, bila ya herufi wala alama. Mtu amekufa ameacha wana watatu, ameusia robo ya mali kwa mtu wa nje, ameacha shilingi 30 taslimu, na mmoja wa wana anadaiwa shilingi 20. Nataka kujua ni kiasi gani kinachotoka katika deni, na kila mmoja anapata nini.